Raba Ambazo Mama Wacera Hakutaka Kuuza

Wasikilizaji wapendwa, vuta kiti, ongeza sauti kidogo. Kama umewahi kununua viatu vya mtumba katika soko la Eldoret, huenda mguu wako umewahi kushikwa na mama tunayemkumbuka leo. Virginia Wacera. Muuza raba. Alituacha wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake Langas, akiwa na miaka hamsini na nane.

Alikuwa na mdomo, huyo mama. Ukichukua raba kwa sababu ya rangi, anakunyang'anya. Anakuuliza kama utakimbia kwa rangi. Kwanza alitaka umletee viatu vyako vya zamani. Anavigeuza, anasoma soli kama wengine wanavyosoma gazeti. Kisigino kikiwa kimeisha upande wa ndani, mguu wako unaangukia ndani, atakutafutia raba ngumu upande huo ili ikuzuie. Kikiwa kimeisha upande wa nje, mguu wako unalalia nje. Wewe hupewi ngumu. Wewe unatafutiwa soli laini, nene chini ya kisigino, inayokunjika kwa mikono miwili. Na kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaiweza, si ile ya dirisha la duka kubwa.

Mwaka wa 1980, wasikilizaji, alikuja msichana wa kidato cha tatu aitwaye Jepkosgei. Zilikuwa zimebaki siku nne mashindano ya wilaya yafanyike, na washindi wangeenda Nakuru kwenye mashindano ya mkoa. Msichana alikuwa na viatu vilivyochoka mkononi. Mama Wacera akavigeuza. Vimeisha upande wa ndani. Akamuuliza kama ni vyake. Msichana akasema ndiyo. Basi akapewa raba nzuri, ngumu upande wa ndani, akapunguziwa bei, akaondoka akiruka.

Siku ya mbio za wilaya, katika kona ya mwisho, mguu wa Jepkosgei ukapinduka nje. Nakuru hakwenda.

Mama Wacera alisikia habari hizo sokoni, na hakuzielewa. Mwezi mmodi baadaye akaja dada mkubwa wa Jepkosgei, Chelimo, kununua ndala. Mama Wacera akamtazama akitembea. Miguu yake inaangukia ndani. Ilikuwa ile soli yenyewe, imesimama mbele yake. Alipoulizwa, Chelimo alisema viatu vile vilikuwa vyake kabla ya kumwachia mdogo wake, kama ilivyo kawaida nyumbani. Mdogo wake, akasema, miguu inakwenda nje, tena sana. Siku hizo alikuwa amehamishiwa shule nyingine, karibu na nyanya yao, upande wa Turbo.

Binti yake Mama Wacera, Nyaguthii, anakumbuka jioni hiyo. Mama hakula. Alisema jambo moja tu: "Niliangalia kiatu, sikuangalia mguu."

Tangu siku hiyo kukawa na karai la maji pale kibandani, na katoni zilizokunjuliwa. Vua. Kanyaga maji. Simama hapa. Mguu unaolalia nje haujazi katoni. Unaacha kisigino na vidole, na katikati mstari mwembamba tu, au hakuna kitu. Watu walicheka. Lakini hakuna aliyeuziwa tena mguu wa dada yake.

Na alitafuta. Kila mzigo ulipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuinama. Mwaka mzima ulipita kabla hajazipata: raba za bluu iliyofifia, laini pande zote, nyepesi, za kumtosha Jepkosgei. Akazijaza magazeti zisikunjamane, akazitundika nyuma yake. Wateja waliuliza bei. Jibu lilikuwa lile lile: "Hizo zina mwenyewe."

Zilikaa pale miaka saba, hadi kifo chake, wasikilizaji wapendwa. Miaka saba. Alituma salamu kwa Chelimo, kwa walimu, kwa kila aliyekuwa akielekea upande ule. Akiona msichana mrefu akipita na mwendo wa kulalia nje, alisimama. Kisha alikaa tena. Nyaguthii anasema alimwazia mtoto yule kama mtu anavyomwazia wake wa kumzaa.

Jumanne baada ya kufariki, tangazo la kifo chake lilisomwa hapa redioni, baada ya taarifa ya habari. Kesho yake wageni walijaa nyumbani Langas, viatu vikaachwa mlangoni. Nyaguthii, ambaye ana macho ya mamake, akaona jozi moja iliyoisha upande wa nje kabisa. Akaingia ndani akauliza ni vya nani. Mwalimu mmoja kutoka Turbo akainua mkono.

Nyaguthii akamwambia, "Wewe ni Jepkosgei."

Mwalimu akaanza kulia kabla hata hajaonyeshwa raba. "Aliniuliza kama ni vyangu, nikadanganya," alisema. "Niliona aibu kusema sina viatu vyangu. Salamu zake zilinifika zote, Mama Wacera alikuwa ananitafuta. Nilidhani anataka kunigombeza."

Miaka yote hiyo, mmoja anatafuta akidhani amekosea, na mwingine anakwepa akijua amekosea. Kati ya Turbo na soko la Eldoret ni safari ya asubuhi moja.

Siku ya mazishi Jepkosgei alitembea nyuma ya jeneza akiwa amevaa raba za bluu. Zilimtosha.

Kwa Nyaguthii, kwa ndugu zake na kwa wenzake wa sokoni, poleni sana. Tunalia nanyi, na Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, labda kuna mtu anayekutumia salamu, nawe unamkwepa. Jepkosgei alikuja kwa sababu alisikia jina la Mama Wacera likisomwa katika redio hii. Nenda wewe kabla sijalisoma la mtu wako.