Mama Emérita na Kitanda Kilichopanda Kilima

Mwisho wa mwezi huu wa Septemba 1958, Mama Emérita Mukashema anastaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuzalisha akina mama katika dispanseri ya shamba letu la pareto, hapa Masisi.

Alianza kama mfuaji wa mashuka. Masista wa dispanseri waliona kwamba wajawazito walitulia kila alipoingia chumbani, wakamfundisha ukunga. Ana mikono myepesi na sauti nzito. Huimba nyimbo za kanisa bila kujali muziki unaelekea wapi, na wazazi wengi wamekiri kwamba walisukuma kwa bidii ili mtoto atoke na wimbo uishe.

Lakini jina lake lilivuma kwa jambo jingine. Zamani zile, mchumaji wa maua ya pareto hakuwa na haki ya kupumzika hata mimba ikiwa ya miezi tisa. Asiyefika shambani alinyimwa posho ya unga na maharagwe. Mwaka 1949, Mukankusi, mke wa mchimba mitaro, alijifungua peke yake katikati ya mistari ya pareto, mvua ikinyesha. Mama Emérita alifika na blanketi, akakuta mtoto amekwisha kupoa. Alimwosha, akamfunga vizuri, akamsindikiza mama yake hadi makaburini. Siku ile hakuimba.

Kesho yake alikwenda kwa meneja kuwaombea wajawazito mapumziko. Alijibiwa kwamba kuchuma maua si kazi nzito, na kwamba wanawake wa milimani wamezoea.

Majuma machache baadaye, Joséphine-Marie, mchumaji mwingine, alishikwa na uchungu shambani. Kapita Nzabandora, msimamizi wa wachumaji, alimkatalia ruhusa ya kushuka dispanseri, akiogopa kupoteza kazi yake. Habari zikamfikia Mama Emérita. Hakubishana na mtu. Aliita wanawake wanne, wakabeba kitanda cha chuma, beseni na birika la maji ya moto, wakapanda navyo kilima hadi shambani, chini kidogo ya baraza ambapo meneja alikuwa akinywa chai na wageni wake, wakamlaza Joséphine-Marie.

Meneja alishuka mbio. “Ondoeni kitanda hicho!”

“Bwana, ulisema bamama bamezoea,” Mama Emérita alimjibu, akikunja mikono ya gauni. “Basi materniti ya kuzalia njo hii. Batu bote baone.”

Wachumaji waliweka vikapu chini. Walivua vitenge vyao vya mabegani, wakavishika pande zote za kitanda kama ukuta. Meneja alimgeukia kapita, akamwamuru awarudishe kazini. Nzabandora akavua koti lake, akalipitisha juu ya vitenge ili mtoto apate kufunikwa.

“Bwana,” akasema, “leo hakuna mutu atachuma. Hata miye siwezi kubatuma.”

Jua halijageuka, mtoto wa kike akalia. Wageni barazani walisimama kumsikiliza, na meneja akapanda kurudi kwao, akakiacha kitanda pale kilipokuwa.

Juma hilohilo ilitangazwa kwamba mjamzito atapumzika mwezi wake wa mwisho, na mwezi mmoja baada ya kujifungua, na posho yake haitakatwa. Mwaka uliofuata tulijengewa nyumba ya uzazi, ya matofali. Baadaye Mama Emérita aliazimwa kwa kambi ya wachimba madini ya bati huko Walikale. Wanawake wa msituni waliogopa kuzalia mbali na bibi zao, naye akawafungulia bibi hao mlango, waingie na dawa zao za kupaka na maneno yao ya kumkaribisha mtoto. Vyumba vikajaa.

Tusijidanganye. Haya tumepewa kwa kibali cha shamba, hayajawa sheria ya nchi, na katika mashamba mengine wanawake bado wanazalia matopeni. Sisi tunaobaki tuna kazi.

Mama, sasa unarudi kwenu Ngungu, kwenye viazi vyako na wajukuu wako. Asante kwa kila uhai uliopita mikononi mwako. Tumegonga mlango wako usiku tangu ulipoanza kazi hii, na hukuwahi kutuuliza kwa nini tumekuja. Tunakutakia afya, mavuno mema, na usingizi mzito hadi asubuhi, usioamshwa na mtu yeyote.

Léonard, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wa dispanseri