Maharagi Yalienda Soko, Mutoto Akabaki na Njaa

Bamama, bababa, bandugu wote mulio hapa, nabasalimia na furaha. Nikilia, musiniogope, leo ni machozi ya shukrani.

Mimi ni mukulima wa Luofu. Vita ilitufukuza, tukafika hapa Butembo na bwana yangu na batoto, mikono mitupu. Tukapewa shamba na baba mumoja mwenye mulima muzima: sisi tulime, mavuno tugawanye naye katikati. Sehemu yetu nayo tuliuzisha yote juu ya kulipa nyumba na masomo. Basi, nililima maharagi, lakini ndani ya chungu yangu ilikuwa foufou, ugali wa muhogo, na majani yake ya sombe tu, bila mafuta.

Bandugu, nawaambia ukweli: binti yangu mudogo alipoanza kujaa uso, nilifurahi. Nikasema, ananona! Kumbe anavimba. Nywele zikageuka nyekundu, akakataa kucheza. Majirani bakasema, "Bamemupa sumu." Tukamunywesha majani, akazidi kulegea.

Mama mumoja wa kanisa hili akaja, akamubonyeza mguu na kidole. Shimo likabaki.

"Dada, hii hapana sumu. Mutoto iko na njaa."

Nikakasirika. "Njaa? Batoto yangu banakula kila siku! Unanitukana mu nyumba yangu?"

"Sikutukani. Foufou inajaza tumbo, lakini haijengi mwili. Twende kwa munganga."

Akamubeba yeye mwenyewe mugongoni. Kule kituo cha afya bakatupokea vizuri, lakini chakula cha dawa cha batoto kilikuwa kimeisha. Barabara imeharibika, magari hayafiki. "Mungoje," bakasema. Tungoje nini, na mutoto anazimika?

Kesho yake bamama wa kanisa bakaingia kwangu. Huyu na unga wa soya, huyu na mayai, mwingine na samaki kavu wa ziwa, wa Kyavinyonge, bakaitwanga. Bakapokezana kumupikia uji. Mpaka asubuhi moja binti akasukuma mukono wangu, akashika kijiko mwenyewe: "Mama, ongeza." Nikakaa chini. Baba yake akatoka nje, hakutaka tumuone.

Haikuishia pale. Bale bamama bakanipeleka kwa mwenye shamba. Mumoja akamuambia, "Baba, hatukuje kugombana. Lakini mutoto wa huyu anayekulimia, njaa ilitaka kumuua, na maharagi iko mingi kwako."

Baba yule akasema, "Sikujua. Kuanzia musimu huu, batoto bakule kwanza. Tutagawanya yenye itabaki." Na ameshika neno lake.

Binti yangu ni yule pale mbele, anayesumbua benzake. Muache asumbue! Asante Mungu, asante bamama zangu, hamukunicheka, mulinipikia.

Wewe mulimaji mwenzangu, mbele ya kushona gunia, toa ya batoto. Na wewe mwenye shamba kubwa, ukikutana na banaokulimia, baulize tu: leo batoto yenu bamekula nini?