Mama Pima-Tena na Vitanzi Vilivyopunguza Kasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe 30 Juni mhandisi wetu mkuu wa kompaila atakabidhi ufunguo wa chumba cha seva na kustaafu rasmi. Idara nzima inamfahamu kama Mama Pima-Tena, jina alilopewa kwa utani naye akaliitikia bila kinyongo.

Alianza kama mjaribu programu katika chumba kisicho na dirisha, akiwa na mashine mbili mezani na mtoto mchanga nyumbani. Alipanda ngazi hadi kuwa gwiji wa kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya waandaaji programu kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Inasimuliwa kwamba aliwahi kurudisha ripoti ya kurasa arobaini ikiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu: pima tena. Aliyerudishiwa ndiye mkurugenzi wetu wa sasa. Alipima.

Mwandishi wa taarifa hii, mhitimu wa mwaka jana, ana sababu yake ya kumshukuru. Akiwa katika kipindi cha majaribio kazini, aliandika ndani ya kompaila hatua ya uboreshaji ya kukunjua vitanzi, yaani sehemu za programu zinazojirudia: kazi inayorudiwa mara nyingi ifanywe mizunguko minane kwa mkupuo. Kasi ilitarajiwa kupanda. Badala yake, programu ya kusomea picha za wagonjwa ilipungua kasi kwa asilimia kumi na nane. Kiongozi wa kikosi aliagiza hatua hiyo iondolewe ifikapo Ijumaa, na ilikuwa dhahiri kwamba aliyeiandika angefuata.

Mwandishi alilaumu mashine, akalaumu joto la chumba, na anakiri kwa aibu kwamba alikuwa amewasilisha vipimo vilivyompendeza tu. Mama aliomba vile vilivyoachwa. Alipima mara thelathini, akazima hatua za kompaila moja baada ya nyingine hadi kasi iliporejea, kisha akachapisha amri za mashine na kuzisoma kwa rula, mstari kwa mstari.

"Mwanangu, mashine haina ugomvi nawe," alisema. "Ina mikono michache, wewe umeibebesha vikombe vinane! Kila ikipiga hatua inaviweka chini, inaviokota tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Thamani za hesabu zilizidi nafasi chache zilizomo ndani ya prosesa, ubongo wa mashine, zikawa zinapelekwa kwenye kumbukumbu na kurudishwa kila mzunguko. Mizunguko minane ilipopunguzwa kuwa miwili, programu ilikwenda kasi kuliko ilivyowahi kwenda.

Alimtaka mwandishi aandike ripoti mwenyewe, vipimo vibaya vikiwa ukurasa wa kwanza. Alhamisi, kikao kilipomaliza kuisoma, Mama alisema tu kwamba mtu anayeonyesha makosa yake hadharani ni wa kubaki naye. Hatua ile inatumika hadi leo, na mwandishi yupo kazini.

Mama, ahsante kwa subira yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, furaha ya wajukuu, na asubuhi nyingi za kwenda polepole bila mtu yeyote kutaka kujua sababu.