Elfu Tisini ya Mama Buli na Bei ya Minara

— Elfu tisini! Nilikupa elfu tisini mkononi, Karani, noti kwa noti. Leo unaniambia imebaki elfu sabini na sita na mia tano. Hiyo nyingine imeliwa na panya?

Mama Buli alisema hayo huku akimimina kahawa, na hakumwaga hata tone. Benchi lake la kahawa lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa kinyozi, na jiko lake la mkaa lilikaa kichwani pa ubao. Jiko hilo ndilo lililomtia kwenye mambo ya hisa. Mwenye nyumba alishasema moshi unamchafulia ukuta: mwisho wa mwezi aje na jiko la gesi au ahame. Elfu tisini ilikuwa ya jiko hilo la gesi. Karani, mstaafu wa ofisi ambaye peke yake pale alikuwa na akaunti kwa dalali wa hisa, akamwambia pesa isilale, ikafanye kazi kidogo kwanza. Wakachanga wanne, elfu tisini kila mmoja, wanunue hisa za kampuni inayouzia kampuni za simu mitambo ya minara. Jumanne kampuni ikatangaza imepata mkataba wa minara mia tisa, miaka mitano. Benchi likashangilia. Jumatano bei ikaporomoka.

— Hakuna aliyekula, dada yangu, Karani alisema, gazeti limekunjwa kwapani. Soko limepokea habari kwa tahadhari.

— Nizungumzie kama mtu, si kama gazeti.

— Wenye hisa wakubwa wana mashaka.

— Mashaka gani? Kazi si wamepata?

Wembe kinyozi, aliyetoka nje na kitana sikioni, akaingilia.

— Mimi nawajua matajiri, nawanyoa. Tajiri ukimwambia miaka mitano, anasikia usingizi. Yeye anataka kula leo. Ndiyo hivyo, haba na haba hujaza kibaba, bei nayo inashuka haba na haba.

— Methali hiyo ni ya kujaza, Wembe. Hapa tunamwagikiwa.

— Kibaba ni kibaba tu, mama.

— Nyie mnaongea mkiwa chini, alisema Panda-Juu. Huyu kazi yake ilikuwa kupanda minara kufunga nyaya, na ndiye aliyeleta habari tangu mwanzo, maana aliona mitambo mipya ikijaribiwa huko juu. — Mitambo hiyo mimi nimeibeba mgongoni. Ni mizito! Minara mingine ni ya zamani, itapinda. Wenye pesa wamelijua hilo.

— Nani kawaambia?

— Wana setilaiti. Wanaona mpaka kutu.

— Basi wameona na kunguru, alidakia Wembe. Si ulisema kunguru wamejenga kwenye mtambo mpya? Kampuni pinzani imepeleka picha. Au imepeleka kunguru wenyewe!

— Kunguru wa kutumwa?

— Wanafundishika, shemeji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kunguru anajua kuinama.

Mama Buli akabamiza kifuniko cha buli. Hasira zake zilikuwa karibu, kila mtu alijua. Lakini walijua pia kwamba hajawahi kumpunja mtu kikombe. Hesabu hakufundishwa na mwalimu, alifundishwa na chenji. Kunguru hawakumwingia akilini.

Wakati huo akasimama dada wa kupelekea watu vifurushi vyao, mgeni pale, akaegesha pikipiki, akavua kofia ngumu na kuomba kahawa bila sukari. Alikunywa akiwasikiliza mpaka kunguru walipotajwa mara ya tatu.

— Samahani wazee wangu. Mlinunua siku gani?

Wembe akamtazama Panda-Juu, Panda-Juu akamtazama Karani. Karani akafungua gazeti.

— Si nilikupa wiki mbili zilizopita? Mama Buli aliuliza. Siku ile hisa moja ilikuwa mia mbili na kumi, ulinisomea mwenyewe. Kesho yake nikakuuliza, ukasema tayari.

— Tayari, yaani pesa ilikuwa tayari. Kwenye bahasha, kabatini. Sikugusa hata senti.

— Karani. Ulinunua lini?

— Mtu mzima haoi kwa tetesi, dada. Nilisubiri gazeti liandike.

— Lini?

— Jumanne. Asubuhi.

— Kwa bei gani?

— Mia tatu.

Panda-Juu akashika kichwa.

— Mimi nimening'inia juu kule nikawaletea habari mbichi, wewe umeisubiri ipoe?

— Nilikuwa natunza mali za watu!

Mama Buli hakuhitaji karatasi. Tetesi zilikuwa zimeshapandisha bei siku zote zile bahasha ikiwa kabatini. Karani alinunua kileleni, na waliowahi kununua wakamuuzia yeye, wakaondoka na faida, bei ikashuka. Leo hisa moja ilikuwa mia mbili hamsini na tano. Kwa bei ya siku aliyotoa pesa yake, elfu tisini leo ingekuwa laki moja na elfu tisa. Jiko, na mtungi wake, na chenji ikabaki.

— Kwa hiyo matajiri hawakukasirika, alisema taratibu. Wala minara haijapinda.

— Lakini kunguru… Wembe alianza.

— Nyamaza, Wembe.

Karani akasogeza kikombe chake ajaziwe. Mama Buli akakifunika kwa kiganja.

— Ningepata hasara kwa soko, ningesema bahati yangu. Nisingekudai. Lakini uliniambia tayari, na haikuwa tayari.

— Bei itapanda, dada. Subira…

— Hisa baki nazo, subiri nazo wewe. Faida sitaki. Kesho, kabla sijawasha mkaa, nataka elfu tisini yangu.

— Sabini na sita na mia tano naweza…

— Elfu tisini, Karani.