Protus, Aliyetuonjea Supu

Mimi Mbarouk, mlinda mlango wa mkahawa wetu wa tambi hapa mtaa wa Ruwais, Jeddah, nina miaka sabini na mbili. Nimewazika makafili watatu, wadhamini wangu wa kazi, na madaktari wawili walioniambia niache chumvi. Kalamu naishika kwa shida, lakini hakuna amjuaye Protus kama mie.

Protus wa Bungoma anastaafu tarehe 12 Februari 2026, baada ya miaka ishirini na miwili. Alianza Riyadh akiosha masufuria. Bosi wetu Mkorea akamfundisha kukanda unga wa nafaka ya kwao, ile ya kijivu, kuusukuma kwenye mashine juu ya maji yanayochemka, kisha kuzisuuza tambi kwa maji ya barafu.

Mwaka 2011 akaletwa Jeddah. Siku hizo wateja walirudisha mabakuli, ati supu imepoa, kumbe hiyo huliwa baridi. Protus alitoka jikoni na mkasi, akawakatia tambi mezani, akawaambia yalla, onjeni kwanza. Leo foleni inafika barabarani, nami ndiye niipangaye. Bila mie wangepigana.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya Ramadhani. Jikoni sote tunafunga isipokuwa yeye, Mkristo, basi ndiye aliyeonja supu kabla ya futari. Masheikh wanamruhusu mpishi aonje na kutema. Mie nilikataa kuonja hata hivyo, na nikikataa nimekataa.

Mwaka 2019 nilimtania kwamba Mluhya hawezi kukaa na njaa mpaka magharibi. Akanijibu, mzee, ngoja uone. Akafunga kweli. Supu ikakosa wa kuionja: Nunu, msaidizi wake jikoni, alitia chumvi, Protus naye akatia. Baada ya adhana mabakuli arubaini yakarudi. Wateja walipokwenda kusali, Protus alimwaga yote, akatoa supu ya akiba kwenye friji, Nunu akikoleza. Hakutia kitu tumboni mpaka meza ya mwisho iliposhiba. Wala hakumwambia bosi kwamba chanzo ni mie.

Sasa Ramadhani inaingia siku chache baada ya yeye kuondoka, na Nunu ameshauliza mara tatu nani ataonja. Nitaonja mimi, niteme. Halas.

Ndugu Protus, ahsante. Mola akufikishe salama kwa mkeo Jerusha, mkae mle mshibe, na asiwepo wa kuwakimbiza.

Anayebisha amuulize Nunu wa jikoni, au Mazin wa kaunta, aliyeyapokea yale mabakuli arubaini.