Jino Kwenye Pengo

Benchi la kahawa lilitazamana na geti la maabara, na asubuhi hiyo lilikuwa na watu wanne na ukimya lisiouzoea. Mpimaji wa gesi wa maabara hiyo, ambaye kijiwe kilimbatiza Kitana, alikuwa na barua mfukoni. Saa nne angeitia sahihi: gesi ya mtungini imechanganywa na kitu kingine. Ufunguo wa stoo ya mitungi alikuwa nao mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekaa ncha ya pili ya benchi, kahawa yake haijaguswa.

— Hebu eleza tena, alisema Kinyozi. Polepole, kuna wazee hapa.

— Unapitisha mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho, ndani ya chupa yenye gesi ya mtungini. Gesi inameza kidogo hapa, kidogo pale. Panapomezwa panabaki mistari, imejipanga kama meno ya kitana. Katikati pana pengo. Gesi hii ndivyo ilivyoumbwa. Jana, kwenye pengo, nimekuta jino.

— Jino la pembe si dawa ya pengo, alisema Dereva Mstaafu. Maana yake gesi imezeeka.

— Haizeeki, mzee.

— Nimebeba mitungi miaka thelathini. Inazeeka.

— Mimi nasema imezaa, Kinyozi akadakia. Mmeifungia chupani, giza, joto. Mlitegemea nini?

Shemeji akageuka.

— Kitana, uliniona nikichanganya?

— Sikukuona, shemeji. Nimeona mstari.

— Basi jioni dada yangu akikuuliza, mjibu hivyohivyo. Uliona mstari.

Kitana alitazama saa. Tatu na nusu.

Mama auzaye misumari kwa kilo, ambaye hakuwahi kukaa pale, alikuja kujaza chupa yake ya kahawa. Alisimama akisikiliza.

— Samahani, baba. Hiyo chupa yako ya gesi ikiwa tupu, jino halipo?

— Vipi?

— Mimi sipimi misumari kabla sijapima bakuli.

Chupa tupu Kitana aliipima, ndiyo, lakini mwezi uliopita, kabla ya mvua. Tangu hapo kuta za maabara zinatoa jasho, na unyevu nao humeza mwanga, una meno yake.

Aliinuka, akampa shemeji barua.

— Naenda kupima chupa tupu. Nishikie. Nisiporudi kuidai, ichane.

Alipogeuka pale getini, aliwaona wote wanamtazama yeye, na barua iko juu ya goti la shemeji, imekandamizwa kwa kikombe isipeperuke.