Mto wa Sufi Siku ya Safari

Sikilizeni wanangu, na wewe Meneja, kifungua mimba wangu, rudishia mlango, kwa maana ninayotaka kusema si ya kutoka nje ya chumba hiki. Njooni mmoja mmoja muweke mkono juu ya cherehani yangu muape kwamba hamtamwambia mtu. Nyumba hii haijawahi kuapa kwa kitu kingine. Cherehani ndiyo iliyowalisha na kuwavisha, na anayeidanganya sindano imchome. Wewe kitindamimba wangu weka mkono wowote, huo wa kulia najua kwako ni wa pambo tu. Haya. Mmeapa wote, hata mkwe wangu ameapa, ingawa sina hakika kama ameelewa anaapa nini.

Sasa Muuguzi, mwanangu wa kati, fungua dirisha hilo, lifungue lote. Jirani yangu amekaa upande wa pili tangu asubuhi anajifanya anachambua mchele, na shingo itamwuma bure. Mbona mnanikodolea macho? Nyinyi ndio mmeapa, mimi sijaapa. Nimebeba siri za mtaa huu tangu nilipoanza kuwapima wanawake viuno, kwa kuwa mwanamke akishainua mikono apimwe kifua hana tena cha kuficha, na sina nia ya kuondoka nazo.

Jambo lililotukusanya mnalijua. Ndege ya kitindamimba na mumewe inaondoka jioni hii, na pasipoti yake haionekani tangu jana. Mmepekua kabati, mmegeuza magodoro, Meneja amemwaga hata debe la unga kama askari wa forodha, kisha mmekuwa mkinong'ona hapo mlangoni mkidhani mtu anayekufa huanza na masikio. Miguu yangu ndiyo iliyotangulia. Masikio yapo, na yamekula vizuri wiki hii.

Nimesikia, kwa mfano, Meneja ukimwambia mkeo kwamba labda ni heri, kwamba binti wa nyumba hii hana sababu ya kwenda kuzeeka kwenye baridi za watu. Nimekusikia na wewe Muuguzi ukisema kwamba akiondoka yeye, kunigeuza na kuniosha kutakuangukia wewe peke yako, na zamu zako za usiku hospitalini nani atazishika. Msiinamishe vichwa, sijakasirika. Ninawataja ili mjue kwamba kila mmoja hapa alikuwa na sababu ya kuificha pasipoti ile, na kwamba aliyeificha yumo humu chumbani. Anapumua hewa hii hii ninayoitafuta mimi.

Sogeza kikombe hicho. Basi, yatosha.

Jirani hajui mambo yote, na mimi napenda kuyasimulia, kwa hiyo mnivumilie. Mkwe wangu huyu, niliyempa jina la Bwana Tafadhali kwa sababu huwaambia hata kuku "tafadhali" akitaka wampishe mlangoni, amekuwa akija kwa mkewe kama anayekuja kumtembelea mgonjwa. Anapewa ruhusa ya kukaa, ruhusa inakwisha, anafunga begi. Kitindamimba wangu ana mume wa msimu, kama embe, ndivyo mlivyokuwa mkisema. Na sasa ruhusa ya mkwe inakwisha leo, hana namna ya kubaki hata kesho. Viza aliyopewa mwanangu, ile waliyoisubiri mpaka tukachoka kuulizana, imebandikwa ndani ya pasipoti hiyo hiyo, na mwisho wa kuingia kule kwao ni kesho. Ikipita hapo inabaki picha tu. Warudi tena kwenye foleni ya ubalozi, wapigwe tena picha za masikio nje, wachukuliwe tena alama za vidole, na nimesikia sheria za huko zimebadilika, kwa hiyo huenda wakaambiwa hapana. Hicho ndicho kilichofichwa, wanangu. Si kijitabu. Ni ndoa ya mtu.

Mimi nami sikumpenda huyu bwana mara ya kwanza, na sitajifanya nilimpenda. Niliona shati lake limekatwa vibaya kwapani, nikasema mtu asiyejua kuchagua fundi atajuaje kuchagua mke. Kilichonigeuza ni safari ile iliyoharibika. Walikata tiketi ya kupitia nchi ya tatu, kubadilisha ndege tu, hata nje ya uwanja hawatoki. Kumbe yeye kwa pasipoti yake anapita kama anaingia jikoni kwake, na mwanangu kwa pasipoti yake anatakiwa awe na viza hata ya kukaa kwenye benchi akisubiri ndege nyingine. Mkwe alikwisha kuvuka, begi lake limekwisha kuchukuliwa, akageuka nyuma akamwona mkewe amesimamishwa. Mwanangu anasema alimpungia mkono kwamba nenda, nitakufuata. Yeye akarudi. Akapita upande usiopitika, askari wakamfokea, naye anawaambia tafadhali, tafadhali, mpaka wakamrudisha upande huu. Begi likaruka peke yake kwenda kwao. Waliporudi hapa, amevaa shati lile lile, nilimpima hapo hapo mlangoni. Sikuwaambia nampimia nini, lakini mtu ambaye simkubali simshonei.

Na ubalozini je? Walimwita mwanangu mara ya pili wakidai picha za harusi ni chache na katika zote watu wanatazama keki, hakuna anayewatazama maharusi. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Afisa nyuma ya kioo, kijana msafi, kola imekaa vizuri, akaniuliza nitathibitishaje kwamba hawa ni mke na mume kweli na si watu wa kutafuta karatasi. Nikamwambia, "Baba, wanagombania feni. Huyu anataka imwelekee yeye, yule anasema inamkausha macho, wananuna mpaka chai ya asubuhi, halafu nawakuta wameielekeza ukutani wote wawili wanatoka jasho. Watu wa uongo watapata wapi subira hiyo?" Kijana aliandika muda mrefu. Viza ikatoka. Kwa hiyo na mimi nimeichangia ile viza, na siwezi kuiona inaozea gizani.

Niwagawie vitu kabla pumzi haijanisaliti.

Nyumba isiuzwe. Meneja, wewe utakaa humu kwa sababu huwezi kukaa mahali usipoamuru, lakini chumba cha mbele nilichokuwa nikishonea ni cha kitindamimba na mumewe, wakija wasilale hotelini kama watalii. Na feni ibaki humo. Cherehani ni ya Muuguzi. Usiniambie hujui kushona, unashona watu. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara aliyeiga kola yangu ya mabega na kusema aliiota ndotoni, akija msibani mpeni kiti kizuri, ila mwekeeni mbele yake nguo niliyoishona mimi, atulie na dhamiri yake. Kitindamimba, mkasi wangu ule wa mkono wa kushoto ni wako, nilikutafutia wewe ulipokuwa mdogo ukilia kwamba mikasi ya watu wote inakuuma. Uko hapo kwenye droo. Hapana, uache kwanza.

Mikono yangu inakuwa mizito. Muuguzi, usinishike mshipa, najua unavyokwenda.

Limebaki jambo la mto huu. Mnajua nimelala nao tangu baba yenu yu hai, niliujaza sufi mwenyewe, na pembe yake moja ilikuwa imefumuka. Sikuwa na nguvu ya kuishona, nikaibana kwa pini, sufi ikawa inanitekenya sikio. Sasa umechakaa, unanuka dawa, sitaki aulalie mtu mwingine nikishaondoka. Meneja, inua kichwa changu taratibu. Uvute. Jiko la nyuma lina moto, nenda ukauchome sasa hivi, nikisikia harufu yake nitajua kazi imekwisha.

Nenda. Unasubiri nini?

Nani kasema asiuchome? Aa, kitindamimba. Unasemaje? Kwamba utaufua? Mto wa sufi haufuliwi, unaoza, nilikufundisha hivyo. Kwamba utauchoma mwenyewe baadaye? Baadaye uko angani, mama. Meneja, usimwachie, vuta upande wako, nenda mlangoni. Huyo. Mnamwona anavyong'ang'ania? Na mkasi umetoka lini kwenye droo?

Haya, umekwisha kuukata. Mkono umeingia. Tulia hapo hapo, mwanangu, usiutoe bado. Na nyinyi nyote tazameni, na jirani usimame kabisa usijitese. Mkono wa kushoto umezama kwenye mto wangu mpaka kiwikoni, nywele zimejaa sufi, machozi yanatoka, na hakuna aliyemchapa.

Unajua nilijuaje? Jana uliponilaza, pini haikuwepo. Pembe imeshonwa. Nikaipapasa kwa kidole, mishono midogo, sawasawa, yote imelalia upande wa mkono wa kushoto, usio wa Meneja wala wa Muuguzi wala wangu. Mwizi gani, mama, anaacha kitu kizuri kuliko alivyokikuta? Ulishindwa kuiba bila kunitengenezea mto.

Bwana Tafadhali, usimtazame hivyo. Hakuficha kwa sababu hakutaki. Anaogopa nitakufa yeye yuko mbali. Alitaka ndege iruke, ruhusa yako iishe, na lawama ziende kwa kaka yake na debe lake la unga, kuliko akutamkie wewe kwamba anabaki kwangu.

Sogea, kitindamimba. Siwezi kupaza sauti tena. Ukikaa kunisubiri, kila pumzi nitakayovuta itakuwa naivuta kwenye ndoa yako. Usinipe kazi hiyo, nimechoka. Mimi nina Muuguzi, nina Meneja wa kunifokea, nina jirani wa dirishani. Nikienda, utalia ukiwa huko, na huyu atakushika. Alirudi kwa ajili yako pale uwanjani. Na wewe uende kwa ajili yake.

Nawaombea... nguvu ikae nanyi. Msinyimane feni. Mlango wa mtu usiwafungikie, na ukifungwa, apatikane mjinga mmoja wa kurudi nyuma na kusema tafadhali. Wana wenu waje na pasipoti mbili, wapite popote. Mungu awashone... vizuri, asiache pini.

Meneja, teksi.

Muuguzi, dirisha liache wazi.

Na wewe mwizi wangu, sasa utoe mkono. Polepole. Uinue juu, wote waone umeshika nini.